Anza Mzizini: Mwongozo Kamili wa Kutambua Meno Madogo ya Mamalia, Kutoka Tonge la Bundi Hadi Galulatherium

Wengi wanaojaribu kutambua meno madogo ya wanyama wa kale hukwama mahali pamoja. Wakipata kitu kidogo, kigumu, chenye kung'aa, hukitazama kwa juu, hutafuta vinundu vya gego, kisha hutoa hukumu papo hapo. Kikiwa na vinundu ni mamalia. Kisipokuwa navyo ni samaki, mamba au kokoto.

Miamba ya Galula, katika bonde la ufa la Rukwa kusini-magharibi mwa Tanzania, haiheshimu kanuni hiyo hata kidogo. Humo ndimo lilimopatikana, mwaka 2002, taya la Galulatherium, mamalia mdogo wa kipindi cha Kretasia, enzi za dinosaria, aliyepewa jina hilo rasmi mwaka 2019. Magego yake ni kama vigingi: yameota wima, hayana umbo la kusomeka juu, hayana enameli (koti gumu linalong'aa nje ya jino), na yaliendelea kuota maisha yake yote. Katika miamba hiyohiyo ya Galula alipatikana pia Pakasuchus, jamaa wa mamba mwenye ukubwa wa paka wa nyumbani, aliyetangazwa mwaka 2010. Huyo meno yake ya nyuma yana vinundu na yanakutana vizuri kama magego ya mamalia. Ukitazama juu ya jino tu, utamwita mamba mamalia na mamalia utamwita mamba.

Kwa hiyo tutaanza chini, mzizini, na kupanda. Na tutajifunzia kwa meno ambayo mtu yeyote anaweza kuyapata kihalali.

## Kabla ya yote: usiende kuchimba

Nchini Tanzania visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kenya inayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Kuchimba bila kibali ni kosa, na kisukuku kilichong'olewa bila kuandikwa mahali kilipolalia hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa sayansi.

Meno ya muhanga (mnyama mla mchwa), mamba au tembo nayo usiyanunue kwa mtu. Hizo ni nyara za serikali, na "nilitaka kujifunzia tu" haitakuokoa mahakamani.

Utakachotumia ni matonge ya bundi na kichwa cha sungura wa kufugwa.

## Vifaa

- Matonge ya bundi, kumi au zaidi: yale madonge ya manyoya na mifupa ambayo bundi huyatema baada ya kula
- Kichwa kimoja cha sungura wa kufugwa, kutoka kwa mchinjaji
- Glavu na barakoa
- Karatasi ya foili, pamoja na oveni au sufuria ya presha
- Ndoo mbili na beseni la rangi nyepesi
- Kipande cha wavu wa dirishani wa kuzuia mbu
- Chujio la chai lenye matundu madogo kabisa utakayoyapata
- Sabuni ya maji
- Mchanga safi wa mtoni, kikombe kimoja
- Sahani mbili, moja nyeusi na nyingine nyeupe
- Brashi ndogo ya kuchorea na kibano chenye ncha nyembamba
- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Hadubini ikiwepo ni vizuri zaidi, isipokuwepo kazi haisimami
- Tochi, rula yenye milimita, vichupa vidogo, karatasi na penseli

Penseli, si kalamu. Wino huyeyuka lebo ikilowa, na hapa kila kitu kitalowa.

## Hatua ya 1: Kusanya matonge

Bundi wengi hurudi kupumzika mahali palepale na kutema hapohapo. Tafuta chini ya mapaa ya maghala, minara ya makanisa na misikiti, majengo yaliyoachwa, na miti mikubwa yenye mashimo. Dalili ni madoa meupe ukutani na madonge ya kijivu au meusi chini, yenye urefu wa kidole hivi.

Bundi huwameza panya wadogo wazima wazima, kisha tumbo lake hutenganisha nyama na visivyosagika. Ndiyo maana ndani ya tonge taya hutoka karibu nzima, meno yakiwa mahali pake. Mwewe naye hutema, ila asidi ya tumbo lake ni kali zaidi, na mifupa mingi huishia humo.

Pita mchana, chukua yaliyoanguka, ondoka. Usimfukuze ndege wala usipande kwenye kiota. Majirani watakushangaa, maana wengi kwetu wanamwona bundi kuwa ndege wa nuksi; waeleze mapema unachofanya, kabla hawajaanza kukueleza wao.

Tahadhari: usikusanye ndani ya mapango au mapaa yenye popo wengi. Vumbi la kinyesi chao linaweza kubeba vimelea vya ukungu vinavyoshambulia mapafu. Na ndani ya hifadhi za taifa usichukue chochote.

## Hatua ya 2: Ua vijidudu

Tonge ni mabaki ya panya waliopita tumboni mwa ndege. Salmonela ni mgeni wa kawaida humo. Kuliweka kwenye friza huua nondo na mende waliomo, lakini bakteria hubaki hai, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Funga kila tonge kwa foili. Kisha chagua njia moja:

Oveni: nyuzijoto 160 za Selsiasi kwa dakika 40.

Sufuria ya presha: weka matonge juu ya kitako cha chuma ili yasizame majini, funika, na hesabu dakika 20 tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu.

Usiyakaushe juu ya jiko la mkaa. Moto usiopimika huipasua enameli, na jino lililopasuka litakudanganya baadaye.

Umefanikiwa ikiwa tonge limekauka au limepikika hadi ndani bila kuungua, na harufu imepungua sana. Endelea kuvaa glavu hata hivyo.

## Hatua ya 3: Loweka na chekecha

Loweka kila tonge katika maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni. Acha usiku kucha. Manyoya yatalegea na mengi yataelea. Yaondoe kwa mkono, taratibu, ukiyapapasa kabla ya kuyatupa.

Sasa tengeneza chekeche mbili. Ya juu ni wavu wa dirishani, wenye matundu ya milimita moja na kitu. Ya chini ni chujio la chai. Wavu utashika mataya na mifupa mikubwa. Chujio litashika meno yaliyochomoka, na hasa ya virukanjia, ambayo hupenya wavu kama mchanga.

Zamisha chekeche kwenye ndoo ya maji na itikise ikiwa ndani ya maji. Usimwage maji kwa nguvu juu yake wala usisugue kwa vidole. Kwa mwendo wa polepole maji huchukua uchafu na kuacha meno. Shinikizo huyasukuma kwenye matundu na kuyakata. Wanaofanya kazi hii kwa udongo wa visukuku hutumia mbinu hiyohiyo, ila wao huchekecha udongo kwa magunia.

Usiongeze siki ili "kusafisha vizuri". Siki ni asidi, na meno ni madini yanayoyeyuka kwenye asidi. Dawa za klorini nazo ziache: hufanya mifupa iwe myeupe na dhaifu, ikavunjika kibanoni.

## Hatua ya 4: Okota

Acha mabaki yakauke kivulini, kisha yamwage kidogokidogo kwenye sahani nyeusi. Angaza tochi kutoka ubavuni, sio kutoka juu. Lowesha ncha ya brashi, gusa jino nayo, litanata lenyewe. Kibano kitumie kwa mataya tu, kwani jino la milimita moja likibanwa vibaya huruka na huoni lilikotua.

Baadaye rudia mabaki hayohayo kwenye sahani nyeupe. Meno yaliyobadilika rangi kuwa kahawia hufichwa na sahani nyeusi.

Tenga kwa makundi unayoyajua. Panya ana meno 16 tu: kila upande wa taya una jino moja refu la mbele, pengo tupu, kisha magego matatu. Kirukanjia mwenye meno meupe mara nyingi ana 28, yamebanana bila pengo, na yana ncha kali. Mjusi ana safu ya vijino vinavyofanana, vilivyogandamana na ubavu wa ndani au ukingo wa taya bila vishimo vyake. Popo ana chonge kubwa zinazoonekana mara moja.

## Hatua ya 5: Jipime

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoonyesha kama mikono yako inaaminika.

Hesabu meno 20 yaliyochomoka, ya ukubwa mbalimbali. Changanya kwenye kikombe cha mchanga wa mtoni. Mpe mtu mwingine achanganye tena. Chekecha, kausha, okota.

Umefanikiwa ikiwa umepata 18 au zaidi. Ukipata chini ya hapo, angalia ni yapi yamepotea. Yakiwa madogo, chujio lako lina matundu makubwa. Yakiwa ya ukubwa wowote, macho yako yanaharakisha. Rudia hadi utulie.

## Hatua ya 6: Chomoa jino la mbele la panya

Hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Chukua taya la chini la panya, liloweke dakika chache, kisha shika jino la mbele kwa kibano karibu na mfupa na ulivute ukifuata mkunjo wake. Linatoka, linaendelea kutoka, na mwisho utashangaa: sehemu iliyokuwa nje ni kipande tu. Jino lenyewe lilipita chini ya magego yote hadi nyuma ya taya.

Geuza utazame kitako chake. Ni wazi, kama mrija. Hakuna mzizi uliofunga. Hapo ndipo tishu laini ilikuwa ikitengeneza jino jipya kila siku, huku ncha ya mbele ikilika kwa kutafuna.

Sasa chomoa gego la panya huyohuyo. Lina mizizi yenye ncha, imefunga. Gego hili lilimaliza kuota panya akiwa mdogo, likilika, halirudi.

Weka yote mawili kwenye sahani, vitako vikiwa juu. Mnyama mmoja, mifumo miwili ya meno. Mtu aliyeona tofauti hii kwa macho yake hatasahau kuangalia kitako tena.

Kisha sungura. Chemsha kichwa kwa moto mdogo hadi nyama ilegee, safisha, chomoa gego moja. Utaona jambo ambalo panya hakukuonyesha: kwa sungura hata magego yanaota maisha yote. Ni marefu, kitako ki wazi, na upana wake haubadiliki sana kutoka chini hadi juu. Kati ya wanyama wa kufugwa, huyu yuko karibu na mpangilio wa Galulatherium, ingawa hawana ukoo wowote wa karibu.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kupewa jino lililokatwa juu, bila sehemu ya kutafunia, ukasema kama liliota maisha yote au lilifunga mizizi.

## Hatua ya 7: Tafuta enameli, na uulize kwa nini haipo

Angaza jino la mbele la panya kutoka ubavuni. Upande wa mbele unang'aa na mara nyingi una rangi ya njano au chungwa. Hiyo ni enameli. Upande wa nyuma umefifia: ni dentini tupu, yaani kiini cha jino kilicho chini ya enameli. Kwa kuwa dentini ni laini kuliko enameli, nyuma hulika haraka zaidi, na jino hujinoa lenyewe kuwa patasi.

Gego la sungura linayo enameli pia, imelizunguka na kujikunja ndani. Tazama juu yake: kingo za enameli zimesimama kidogo, dentini katikati imezama.

Galulatherium hakuwa na kingo hizo. Jino lake ni dentini isiyovaa koti. Miongoni mwa wanyama wanaoishi leo, mpangilio wa namna hiyo upo kwa muhanga wetu, ambaye meno yake hayana enameli, hayana mizizi iliyofunga, na hayaachi kuota. Slothi, mnyama mzito wa mwendo anayeishi mitini Amerika, na kakakuona wa Amerika, yule anayeitwa amadilo, wako hivyohivyo.

Ila kuna mtego hapa, na ni mkubwa. Jino lisilo na enameli halimaanishi mnyama aliyezaliwa bila enameli. Mamba akimmeza mnyama mdogo, asidi ya tumbo lake inaweza kuondoa enameli yote na kuacha dentini ikiwa na umbo karibu lilelile. Miamba ya mito ya kale, ambako mamba na jamaa zao walikuwa wengi, ni mahali pa kutarajia meno ya aina hiyo. Maji nayo hulisugua jino likiviringika na mchanga.

Jiulize mambo matatu:

Kwanza, jino liko ndani ya taya bado? Enameli ya jino linaloota maisha yote hushuka hadi ndani ya kishimo chake, mahali ambapo maji na mchanga havifiki kwa urahisi. Kama hata humo ndani haipo, dhana ya kusuguliwa inadhoofika sana.

Pili, mfupa wenyewe umeliwa na asidi? Taya lililopita tumboni huonyesha kingo zilizoyeyuka na uso wenye vishimo vidogo vidogo.

Tatu, meno yote ya taya hilo yako hivyo, au moja tu?

Wachunguzi wa Galulatherium hawakulazimika kuchomoa jino hata moja. Walipiga taya picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, wakatazama vitako vikiwa bado ndani ya mfupa. Hilo ndilo linaloipa hoja yao nguvu: haikutegemea jino lililookotwa peke yake.

## Hatua ya 8: Tofautisha kigingi cha mamalia na jino la mamba

Jino la mamba nalo lina kitako chenye uwazi. Kwa hiyo "kitako wazi" peke yake haitoshi. Tumia picha za makumbusho kwa zoezi hili.

Mamba hubadilisha meno mara nyingi maishani, jipya likiota chini ya la zamani. Jino lake huanza pana chini na kuchongoka kwenda juu, kuta za kitako ni nyembamba, na mara nyingine ndani ya uwazi utaona ncha ya jino linalofuata. Kigingi cha mamalia anayeotesha meno maisha yote kina pande zinazokwenda sambamba, na juu yake pamelika kwa kusagana na jino la juu, hapana ncha.

Pima kwa rula: upana wa chini, wa kati, wa juu. Vipimo vitatu vikikaribiana, unashuku jino linaloota. Vikipungua kuelekea juu, unashuku mamba au mjusi.

Na Pakasuchus je? Kwake juu ya jino kungekupoteza kabisa, kwa sababu kuna vinundu na kuna kukutana. Hapo unasoma taya na fuvu lote. Ukiwa na jino moja tu la namna hiyo mkononi, jibu la haki ni "haijulikani bado", na hilo ni jibu kamili la kuandika kwenye lebo.

## Hatua ya 9: Soma taya la Galulatherium

Sasa tafuta picha za taya hilo zilizochapishwa na wachunguzi wake, na ulisome kwa mpangilio uleule, kabla ya kusoma maelezo yao:

1. Kitako: ki wazi.
2. Pande: sambamba, umbo la kigingi.
3. Enameli: hakuna.
4. Idadi: jino moja kubwa la mbele lililoinamia mbele, na magego manne nyuma yake.
5. Juu: pamelika, hapana vinundu vya kukuongoza.

Ukifika namba 5 utaelewa kwa nini kumpanga mnyama huyu kwenye ukoo ni kazi ngumu. Wataalamu wa mamalia wa kale hutegemea sana vinundu na mabonde ya magego, na huyu hakuwaachia kitu. Waliomwelezea wanamkaribisha kwenye kundi la gondwanatheria, mamalia waliojulikana kutoka Madagaska, India, Amerika ya Kusini na Antaktika, lakini kwa tahadhari. Gondwanatheria wengine wanaojulikana kwa meno yao walikuwa na enameli. Kwa maoni yangu tahadhari hiyo ni ya haki, na ukikutana na andiko linalomweka humo bila shaka yoyote, lisome kwa jicho pembe.

Umri nao upo kwa mapana: tabaka za Galula alikotoka zinawekwa kati ya takriban miaka milioni 94 na milioni 72 iliyopita. Usichague namba moja ya katikati ukaiandika kana kwamba imepimwa.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kumweleza mwenzako kwa nini huyu ni mamalia bila kutaja umbo la juu ya jino hata mara moja.

## Hatua ya 10: Ukikutana na jino porini

Siku moja mvua itafukua kitu njiani, au fundi wa kisima atakuita. Usilichomoe, usilisugue, usililambe kama wafanyavyo wengine kupima mfupa.

Piga picha nne: mahali pote kwa mbali, tabaka la udongo, jino likiwa na rula pembeni, na kitako chake kama kinaonekana bila kuligusa. Andika tarehe, kijiji, na namba za mahali kutoka kwenye simu yako. Lifunike kwa udongo mwepesi kama kuna mifugo inayopita.

Peleka taarifa kwa ofisi ya utamaduni ya wilaya au Makumbusho ya Taifa. Kwenye taarifa andika ulichokiona tu: "kitu kinachofanana na jino, upana milimita kadhaa, pande sambamba, kitako wazi, enameli haionekani, kiko ndani ya mwamba mwekundu wa mchanga". Jina la mnyama usiliandike.